Mtoto wa ghorofani naye ashike unga



Anayeteremka kituo cha treni cha Al Rigga, eneo la Deira, Dubai, hutokea kwenye mtaa usiolala: mikahawa, hoteli, maduka ya simu, na majengo ya ghorofa yaliyobanana. Ndani ya majengo hayo wamo pia watu wa pwani yetu, na wamo watoto wao.

Tulimtembelea dada mmoja wa Mombasa anayefanya kazi zamu ya usiku. Ilikuwa mwezi wa Julai, shule zimefungwa, joto limepita nyuzi 40. Hakuna ua wala mchanga wa kuchezea. Watoto wake watatu, wa miaka miwili, minne na sita, walikuwa mbele ya televisheni tangu asubuhi. Mezani palikuwa na kitabu cha picha za kupaka rangi. Kurasa mbili tu ndizo zilizoguswa.

"Watoto wa ghorofa hawa, ndugu zangu, hawana mkono wa sanaa," alituambia.

Hapo tulitofautiana naye. Mkono wanao. Walichokosa ni kitu cha kuushughulisha.

Katika miaka ya 1920 na 1930, mwalimu Viktor Lowenfeld alifundisha watoto vipofu mjini Vienna, Austria. Wengi wakati huo waliamini kwamba asiyeona hawezi kuwa msanii. Watoto wale walipopewa udongo, walifinyanga watu na nyuso kwa kufuata walichokigusa na walichokihisi katika miili yao wenyewe. Mwaka 1938 Wanazi waliitwaa Austria, naye Lowenfeld, akiwa Myahudi, akaikimbia nchi yake, akaishia Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu ubunifu na ukuaji wa akili ya mtoto kilisomwa na walimu wengi wa sanaa. Vitabu vya kupaka rangi alivipinga waziwazi, kwani humfundisha mtoto kwamba mchoro wa mtu mzima ndio sahihi na wake haufai.

Pwani yetu nayo ina mfano wake. Programu ya Madrasa, iliyoanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na baadaye kuenea Zanzibar na Uganda, iliwafundisha walimu wa chekechea kutumia vitu vinavyopatikana mtaani. Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Vifuu, makombe, vitambaa na chupa tupu viligeuka vifaa vya darasa. Na kabla ya darasa lolote, bibi zetu walikuwa wakisuka ukili huku mjukuu akichezea vipande vya miyaa miguuni pao.

Basi tukamwomba dada yetu kanga kuukuu, tukaitandika sakafuni. Tukachanganya vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha chumvi, tukatia maji kidogo kidogo mpaka ukashikana. Donge moja tukalitia manjano. Kutoka soko la viungo la Deira tulikuwa tumenunua mdalasini na iliki, na dada yetu akatoa kifuu alichokuja nacho kutoka kwao.

Yule wa miaka miwili alitumbukiza mikono yote. Yule wa sita alikunja uso, hakupenda kunata. Hatukumlazimisha, tukampa kijiko, na baada ya muda akakiacha mwenyewe. Yule wa minne, ambaye mama yake husema naye Kiswahili na yeye hujibu kwa Kiingereza, alipitisha kidole juu ya kifuu mara kadhaa.

"Mama, hii inafanya nini?"

"Inakwaruza, mwanangu."

"Inakwaruza," akarudia. Akagusa unga. "Na hii?"

"Teketeke."

Dada yetu alinyamaza. Baadaye alituambia kwamba miezi mingi alikuwa akimfundisha maneno kwa picha, na hayakukaa.

Kuna tahadhari. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe shanga, maharage wala karafuu nzima, huweza kumkaba au kuingia puani. Unga ule asiule, kwa kuwa chumvi nyingi humdhuru. Ile inayoitwa hina nyeusi mara nyingi hutiwa kemikali inayounguza ngozi, isimguse kabisa. Na manjano haitoki kwenye zulia, mwenye nyumba hatasamehe! Mtoto akimaliza, usimwulize amefanya kitu gani kana kwamba ni mtihani. Mwambie akusimulie.

Wapo wenzetu wanaowapeleka watoto nyumbani kila likizo, wakaukanyaga mchanga wa kwao. Sisi njia hiyo tumefungiwa, na wako wengi kama sisi. Hatuwezi kumwonyesha mtoto mji tuliozaliwa. Lakini harufu ya iliki tunaweza kumpa, na ukavu wa kifuu, na neno lake.

Tulipoaga, televisheni ilikuwa imezimwa na hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Ukutani, usawa wa magoti, palikuwa na kiganja kidogo cha manjano. Dada yetu alikitazama, akasema atakifuta kesho.