Athari za Kuhamia Itifaki ya Intaneti Toleo la 6 katika Utendaji wa Mitandao ya Kinondoni na Temeke
Anwani za Itifaki ya Intaneti toleo la 4 zina biti 32, yaani takriban anwani bilioni 4.3 kwa dunia nzima. AFRINIC, shirika linalozigawa barani Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya kugawa akiba yake Januari 2020. Kutokana na uhaba huo, wateja wengi wa mitandao ya simu hutumia kwa pamoja anwani moja ya umma, na mitambo ya mtoa huduma hulazimika kubadili anwani ya kila pakiti.

Toleo la 6, lenye biti 128, huondoa ulazima huo. Hata hivyo, dai kwamba toleo hilo lina kasi zaidi kwa asili yake halina mashiko. Kichwa cha pakiti yake kina baiti 40 badala ya 20. Katika pakiti ya baiti 1500, hasara hiyo ni kama asilimia 1.3, na mtumiaji hawezi kuihisi.

Kinachohisiwa ni njia. Pakiti za toleo la 6 zikifungwa ndani ya zile za toleo la 4 na kufunguliwa London, ujumbe utokao Temeke kwenda seva iliyoko Kinondoni husafiri zaidi ya kilomita 14,000. Mwanga katika nyuzi za kioo hupita kama kilomita 200 kwa milisekunde. Hivyo zaidi ya milisekunde 70 hupotea kabla jibu halijaanza kurudi, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za namna hiyo. Ujumbe huohuo ukipitia TIX, kituo cha kubadilishana data kilichopo jijini, hubaki Dar es Salaam. Kwa hiyo, vipimo visivyotenganisha njia hizi mbili havipimi itifaki, bali mpangilio wa mtoa huduma.