Kila Mtu na Hedifoni Yake

Hivi unajua mwenzio anasikiliza nyimbo gani? Namaanisha usiku huu, akiwa pembeni yako kitandani na hedifoni masikioni.

Enzi za wazazi wetu swali hilo lisingekuwepo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na ndiyo hiyohiyo iliyorekodi bendi na kuzirusha hewani. Akiimba Mbaraka Mwinshehe, nyumba nzima inasikia, na jirani naye.

Zikaja kaseti. Dada yangu mkubwa alikuwa anakaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, anaomba mtangazaji asije akaongea katikati ya wimbo. Kaseti ya dakika 60, nusu saa kila upande, ilimchukua wiki mbili kuijaza, na wimbo wa kwanza wa upande A haukuwekwa hivihivi, wee! Shemeji anayo mpaka leo, ingawa redio ya kuichezea hana.

Sasa nyimbo za dunia nzima zimo kwenye simu. Spotify nayo ilifika kwetu mwaka 2021. Raha, sikatai. Ila programu ilikuwa inamjua mume wangu kuliko mimi. Mwezi uliopita hedifoni yake iliisha chaji, simu ikaanza kuimba chumbani: Khadija Kopa! Miaka sita ya ndoa, sikujua kama anapenda taarab. Akataka kuizima, nikamkatalia. Tukasikiliza tatu, ya nne nikachagua mimi.