Ramani ya Miraba Inavyosaidia Kulinda Mikoko Yetu

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ni mazalia ya samaki na kamba, chanzo cha boriti na kinga ya vijiji dhidi ya mawimbi. Je, tutajuaje imepungua wapi, kuanzia Kiunga hadi Mkunumbi?

Njia moja ni picha za satelaiti. Picha ya Landsat imegawanywa katika miraba midogo iitwayo pikseli. Kila mraba hufunika mita 30 kwa 30 za ardhi na hubeba tarakimu za mwanga uliorudi kutoka hapo. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Maji hurudisha kidogo sana. Programu ya kompyuta, kama QGIS isiyolipiwa, hulinganisha picha ya zamani na ya sasa, mraba kwa mraba.

Programu hiyo pia husaidia kuchagua mahali pa kupanda upya. Kila mraba hupewa alama kulingana na mwinuko na umbali wake kutoka kwenye mkondo. Miche ikipandwa pasipofaa hufa, na jasho la wanakijiji hupotea bure.

Hata hivyo, miti michache ikikatwa ndani ya mraba mmoja, ramani huenda isionyeshe. Picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa nayo inaweza kuonyesha mikoko mifupi kama bahari.

Kwa hiyo, ramani ikiletwa barazani, tafuta mkondo unaoujua. Ikiwa imekosea, sema kabla miche haijapandwa.