Waata, uta wao na Bwana Nyama

Ukimwuliza mtoto wa shule siku hizi jangili ni mtu gani, atakujibu bila kusita kwamba ni mwizi mwenye bunduki, auaye ndovu ili akauze pembe. Jibu lake ni sawa. Lakini wako wazee katika sehemu za Kilifi na Tana River ambao wakilisikia jibu hilo watatikisa kichwa. Baba zao waliitwa majangili vile vile, na bunduki hawakuwa nayo. Walikuwa na uta.

Wazee hao ni Waata. Majirani wao waliwaita Waliangulu, wengine wakawaita Wasanye, lakini wao wenyewe hujiita Waata, na lugha yao ni ya jamaa ya Kioromo, kama ile ya Waorma na Waborana. Nchi yao ilikuwa ile nyika kavu inayoanzia nyuma ya Malindi ikipanda na mto Galana mpaka ndani ya Tsavo. Hawakufuga ng'ombe, na kulima kwao kulikuwa kidogo sana. Fahari ya mwanamume wa Kiwaata ilikuwa ndovu.

Sasa ndugu msomaji, kumwua ndovu kwa mshale si jambo la kusimuliwa haraka. Uta mkubwa wa Kiwaata si ule wa kuchezea watoto. Wazungu walioupima waliona kwamba kuuvuta kulihitaji nguvu za kuinua ratili 100 na zaidi, na wakakiri kwamba ulilingana na zile nyuta za vita ambazo Waingereza wa kale husifiwa nazo katika vitabu vya historia. Kijana mwenye kifua kipana asiyefundishwa tangu utotoni angeuvuta upote usisogee hata shubiri.

Nao mshale ulikuwa na ufundi wake. Chembe ya chuma ilichomekwa katika kijiti kifupi, na kijiti hicho kikachomekwa katika uti mrefu wenye manyoya. Mshale ukishampata ndovu, uti huanguka chini na kuokotwa, lakini kile kijiti chenye chembe hubaki ndani ya nyama. Humo ndimo ilimopakwa sumu. Sumu yenyewe hupikwa kwa mti wa msungu, ukachemshwa muda mrefu hata ukawa mweusi na mzito kama lami. Waata waliinunua zaidi kwa Wagiriama, ambao ndio waliokuwa na siri ya kuipika. Husimuliwa kwamba mnunuzi hakukubali kupewa sumu bila kuijaribu. Alijikata kidogo mkononi, akaiacha damu itiririke, kisha akatia sumu mwisho wa ule mchirizi. Kama ilikuwa kali, damu iligeuka rangi kuanzia chini ikipanda juu, naye ikambidi aifute upesi kabla haijafika kidondani! Chembe iliyokwisha kupakwa ilifungwa kwa ngozi laini, isikauke wala isimkwaruze mwenyewe.

Hapo sasa ndipo ilipobaki kazi ya kumwendea mnyama. Mwindaji alinyatia kinyume cha upepo mpaka akamfikia hatua chache tu, pale ambapo ndovu angegeuka angemmaliza kwa pigo moja. Akalenga tumbo, mahali ambapo mshale haukutani na mfupa. Sumu ikiwa nzuri hukamata moyo, na mnyama hafiki mbali.

Nyama ilikuwa ya watu wote wa kijiji. Pembe zilikuwa na njia nyingine. Zilibebwa usiku usiku mpaka pwani, zikauzwa kwa wafanyabiashara ambao walijua bei yake ya kweli nao Waata hawakuijua. Pesa alizopata Mwata zilikuwa kidogo, na nyingi katika hizo ziliishia vilabuni mwa minazi. Lugha yetu ina mzaha wake hapa, maana tembo ni mnyama na tembo ni kinywaji, na wako wazee waliombadilisha mmoja kwa mwingine miaka mingi bila ya kubaki na kitu mkononi.

Mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Tsavo kuwa hifadhi ya taifa. Watu walioamka siku hiyo katika nchi ya babu zao walikuwa wameingia katika hatia bila ya kuhama. Kweli sheria za kulinda wanyama zilikuwapo tangu mwanzo wa utawala wa Waingereza, lakini zilisema mwindaji awe na leseni, na leseni ilikuwa ya mwenye fedha. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha urais wa Marekani, alishuka Mombasa, na katika safari yake mpaka Khartoum yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512, miongoni mwao ndovu 11. Alipokewa kwa heshima na akaandika kitabu. Mwata aliyeua ndovu mmoja aliandikiwa kifungo. Mimi sisemi kwamba ndovu hawakustahili kulindwa. Nasema tu kwamba mtu akiambiwa kuwa yeye ni mwizi, ana haki ya kuuliza aliyeiba mwingine aliitwaje.

Askari wa kuilinda hifadhi hiyo mpya watu waliwaita Bwana Nyama, na jina hilo bado linasikika mashambani hadi leo. Mkuu wao upande wa mashariki alikuwa David Sheldrick, aliyekaa huko tangu 1948 hadi 1976. Miaka ya kwanza kazi yao ilikuwa ya jasho bure. Walitembea porini juma zima, wakaona mizoga iliyokatwa pembe na majivu ya moto uliokwisha kupoa, lakini mtu hawakumwona. Watawezaje kumwona? Walikuwa wakimtafuta mtu aliyezoea kumfikia ndovu asisikiwe.

Mambo yaligeuka 1956, ilipofanywa kampeni kubwa iliyoendelea mpaka 1957. Mmoja wa viongozi wake, Bill Woodley, alikuwa amepigana na Mau Mau katika misitu ya Aberdare, na mbinu za huko zikaletwa nyikani. Askari hawakumfuata tena mwindaji porini, bali walimsubiri nyumbani kwake. Kila aliyekamatwa aliulizwa juu ya wenzake, majina yakaandikwa, na kila mtu akawa na faili yake. Na hapa ndipo desturi ya Waata yenyewe ilipowasaliti. Kila mwindaji alikuwa ametia alama yake katika mishale, ili watu wasigombane juu ya ndovu ni wa nani. Alama hiyo ilikuwa sheria yao, ya kuweka haki kati ya mtu na mwenzake. Basi Bwana Nyama alipojifunza kuzisoma, aliokota mshale karibu na mzoga akajua mara moja mlango wa kwenda kubisha.

Tena waliowaonyesha askari njia walikuwa Waata wenyewe. Hakuna mwingine aliyeweza kuutazama mchanga na kusema hapa amepita mtu jana jioni, amebeba mzigo, naye anachechemea. Wengine walisaidia kwa hofu ya jela, wengine kwa kisasi, na yamkini wengine kwa sababu kazi ya kufuata nyayo ilikuwa tamu ikiwa unamfuata ndovu au unamfuata mtu. Ilipofika mwisho wa 1957 wawindaji wakubwa karibu wote walikuwa wamekamatwa au wamejitoa. Kazi ya vizazi vingi ilikuwa imekwisha kwa muda wa miaka miwili.

Yafaa kusema ukweli kwamba baadhi ya wale waliowakamata hawakufurahi moyoni. Waliona kwamba watu hawa hawakuwa na riziki nyingine. Kwa hiyo 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, katika eneo la maili za mraba kama 3,000 mashariki ya hifadhi, ambapo ndovu wachache wangeuawa kwa kibali na Waata wangepata kazi na mapato yasiyo ya kujificha. Wazo lilikuwa zuri. Lakini Mwata aliyezoea kuingia nyikani apendapo alitakiwa sasa awe mtu wa mshahara. Kabla miaka ya 1960 haijamalizika, eneo hilo lilikuwa limekodishwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Leo ukitaja Galana watu wengi hufikiria mahindi ya kumwagiliwa maji.

Mambo yaliyofuata yanajulikana zaidi. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu katika Tsavo, pembe zikatapakaa ovyo, na walioziokota wakaonja faida. Baadaye ikaja bunduki. Mwaka wa 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote, hata wa wenye leseni, na 1978 ikafunga maduka ya kuuza pembe na ngozi. Hata hivyo hesabu ya ndovu wa Kenya, iliyokadiriwa kuwa 167,000 mwaka wa 1973, ilikuwa imeshuka chini ya 20,000 ilipofika 1989, mwaka ambao Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika Nairobi National Park. Bwana Nyama aliyekuwa akimfukuza mtu mwenye podo mgongoni sasa alikabili risasi za rashasha, na wako ambao hawakurudi kwa wake zao. Hao hawakufa kwa mshale wa Mwata.

Tangu 1990 kazi hiyo ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Maafisa wake hawafanyi kazi nyikani tu. Huko Galana unakomwagikia baharini, karibu na Malindi, ziko hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968, nao hupita kwa mashua kuangalia nani ametega nyavu pasipotakiwa. Wavuvi wa huko nao wana maneno yao juu ya bahari ya babu zao, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Sheria ya 2013 ilipotungwa ilikuwa kali kuliko zote zilizotangulia: mwenye kupatikana na pembe aliweza kutozwa shilingi milioni 20 au kufungwa maisha. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini, na Tsavo ndiko kulikokuwa na wengi kuliko mahali pengine. Wengine hutoka usiku wakaingia mashamba ya watu, na mkulima hana la kufanya ila kupiga simu na kumngoja Bwana Nyama. Miongoni mwa wakulima hao ni wajukuu wa wale wenye uta.

Ukiichukua ramani ya hifadhi utaona kilima kimoja kiitwacho Dakadima. Kwa lugha ya wenyewe maana yake ni jiwe jekundu. Galana nalo ni neno lao, maana yake mto. Askari aliye doria akitaka kuwaeleza wenzake kwa redio mahali alipo, hulitaja jina lile lile alilolitaja mwindaji akimweleza mwanawe mahali ndovu walipolala.