Butiama Peke Yake Haitoshi

Mgeni afikaye Butiama kwa ajili ya historia huonyeshwa mambo mawili. Kwanza ni Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki Mwalimu. Kisha ni Mwitongo, lilipo kaburi lake pamoja na makaburi ya wazazi wake, Chifu Nyerere Burito na Mgaya wa Nyang'ombe. Anatazama, anapiga picha, anageuza gari kurudi Musoma au Mwanza. Ziara hiyo si mbaya, ila ni nusu ya ziara. Inampa mgeni mwanzo na mwisho wa mtu, inamnyima katikati. Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 na akazikwa huko miaka 77 baadaye, lakini mengi yaliyomjenga yalitokea baina ya vilima vya Uzanaki na ufukwe wa ziwa, na sehemu hizo zipo hadi leo, kila moja kivyake, bila mtu wa kumwongoza mgeni kutoka moja hadi nyingine.

Chukua Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma mjini. Mtoto wa chifu mwenye wake 22, aliyekuwa bado anachunga mbuzi, alipelekwa pale mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, takriban kilometa 40 kutoka kwao, na ndipo alipojifunza Kiswahili. Asingepita Mwisenge, asingefika Tabora. Na asingefika Tabora, Makerere na Edinburgh zisingekuwapo. Chukua pia misheni ya Nyegina, nje kidogo ya mji, alikobatizwa Desemba 23, 1943. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye kijana alikuwa tayari mwanafunzi wa Makerere. Mfuatano huo wa miaka unafikirisha kuliko kabati lolote la kioo lenye zawadi za marais. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Magige hapohapo Musoma, baada ya kurudi kutoka Uingereza na kujenga nyumba Butiama kwa mikono yake mwenyewe. Tena kuna mwaka 1955, ambao binafsi nauona ndio mtamu kuliko yote. Machi alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi akaacha kazi ya ualimu Pugu, akaenda nyumbani Mara, na kwa miezi kadhaa akawa anawafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll. Kiongozi wa TANU hana mshahara, anapata riziki kwa lugha ya mama yake. Jambo hilo linaeleweka vizuri zaidi mtu akiwa amesimama Musoma.

Halafu kuna jambo lisilo la Mwalimu peke yake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia mwaka 1977 na kubadili masharti ya kuingia chuo kikuu. Azimio la Arusha la 1967 lina makumbusho yake kule Kaloleni, katika jengo lilikofanyika kikao chenyewe. Azimio la Musoma halimo katika orodha ya makumbusho ya taifa, ingawa athari yake iliingia katika kila kijiji chenye shule.

Wanaojua kuhifadhi kumbukumbu za mtu hawaishii kaburini. Mshairi Pushkin alifia Saint Petersburg mwaka 1837, na nyumba aliyofia, kando ya mto Moika, ni makumbusho. Lakini Warusi wamehifadhi pia Lyceum, shule aliyoingia mwaka 1811 akiwa na miaka 12, kule Tsarskoye Selo, nje ya jiji. Mgeni huenda kote kuwili, na mji wenyewe wa shule leo unaitwa Pushkin. Umri wa kuanza shule ni uleule wa Mwisenge, na umbali wa kutoka shuleni hadi nyumbani kwa mshairi ni mfupi kuliko wa Mwisenge hadi Mwitongo.

Atasema mtu kwamba fedha za utalii wa Mara ziko Serengeti, na mtalii anayeingia kwa lango la Ndabaka, Bunda, hana haja na darasa la zamani. Ni kweli, kwa mtalii huyo. Ila njia ninayoisema, ya kuunganisha sehemu hizi za Mara kwa ziara moja, haimlengi yeye kwanza. Inawalenga wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama, ambao basi moja linaweza kuwazungusha kutwa bila ada ya hifadhi. Atasema mwingine kwamba tutazidi kumwabudu mtu mmoja. Hapa naona kinyume chake. Anayebaki kaburini ndiye anayeona shujaa pekee. Anayezunguka atakutana na walimu wa Mwisenge, na mapadre, na wajumbe wa TANU. Tena atajifunza kwamba uchifu wenyewe wa Uzanaki, unaosimuliwa kana kwamba ni wa tangu enzi, uliwekwa na Wajerumani katika jamii ambayo haikuwa na watawala wa aina hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilwa inafaidika, Bagamoyo kidogo, Mara karibu hakuna: nyumba za huku zilikuwa za miti na udongo, na majengo ya kudumu yalikuja na Wajerumani, mapadre na Waingereza. Kwa hiyo darasa la Mwisenge au kanisa la misheni halina kinga kwa umri wake. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri mamlaka ya kutangaza jengo la baadaye kuwa kumbukumbu, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Halihitaji bajeti ya ujenzi wala mfadhili. Linahitaji halmashauri za Musoma na Butiama kukaa pamoja, kuandika orodha na kuipeleka, kabla fundi hajaitwa kubomoa ukuta wa zamani ili kupanua darasa.