Ubunifu na ufundi shule ya msingi: mtoto anajifunza nini kwa dumu na kamba?

Mtoto wa darasa la nne anarudi nyumbani na kusema: "Mama, mwalimu kasema kesho twende na dumu tupu la lita 5, kamba na msumari." Wazazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wakisikia hivyo hujiuliza: shule imegeuka karakana, au watoto wanakwenda kucheza?

Swali hilo ni la haki. Makala haya yanaeleza ubunifu na ufundi ni nini kwa mtoto wa shule ya msingi, na utajuaje kama mwanao anafundishwa au anafanyishwa kazi tu.

Si jambo geni Mara

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Alisema elimu ya kikoloni ilimtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfanya aone maarifa yako vitabuni tu. Shule zikaanzisha mashamba, mifugo na karakana.

Lakini andiko lile lilikuwa na jambo jingine ambalo shule nyingi zililiacha njiani. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba lao, si kupokea amri tu. Mahali pengi kilichobaki ni jembe, uamuzi ukabaki kwa mwalimu. Mtoto alilima, lakini hakuulizwa kwa nini mahindi ya upande mmoja yamekauka.

Tofauti iko hapo. Mtoto akiambiwa "chimba hapa", anafanya kazi. Akiulizwa "tuchimbe wapi, na kwa nini?", anajifunza.

Hatua tano

Somo la ubunifu na ufundi hupita hatua tano: kuona tatizo, kuchora wazo, kutengeneza, kujaribu, kisha kurekebisha. Hatua mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika zaidi, na ndizo zenye faida kubwa. Kitu kisipofanya kazi, mtoto hachapwi wala hachekwi. Anatafuta sababu.

Tuchukue kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono karibu na choo. Dumu linatobolewa tundu dogo, linaning'inizwa kwenye mti, na kamba inafungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Huhitaji kushika kitu kwa mkono mchafu.

Sasa tazama masomo yaliyomo. Dumu lina lita 5, yaani mililita 5,000. Kila mtoto akitumia mililita 250, watanawa 20. Wakitoboa tundu dogo zaidi na kila mmoja akatumia mililita 100, watanawa 50. Hiyo ni hisabati. Kwa nini kukanyaga chini kunainamisha dumu lililo juu? Hiyo ni sayansi. Je, mtoto wa awali anafikia? Mwenzao anayetembea kwa magongo atakanyagaje? Huko ni kumfikiria mtumiaji, na ndiyo roho ya ubunifu. Na maji yakituama chini yatafuga mbu, kwa hiyo lazima waweke kokoto.

Shule zilizo kando ya ziwa, kama za Guta au Bukima, zina dagaa. Wakianikwa chini wanashika mchanga, na mvua ikija ghafla wanaharibika. Wanafunzi wanaweza kutengeneza kichanja kidogo cha fito na kipande cha nyavu kuukuu, kisha waanike dagaa kidogo juu na kidogo chini, waandike wapi wamekauka mapema na wapi wamebaki safi.

Mtaala mpya unahusikaje?

Wazazi wengi wanakumbuka somo la Stadi za Kazi: kusuka, kufinyanga, kushona. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza ujuzi, yaani mtoto aweze kutenda, si kukariri tu. Sekondari nako kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, wenye mafunzo ya ufundi. Mtoto ambaye hajawahi kupima, kukata wala kurekebisha kitu atachaguaje mkondo huo akiujua?

Uingereza iliingiza ubunifu na teknolojia katika mtaala wake wa taifa mwaka 1990, kuanzia watoto wa miaka 5. Kwetu, mtoto wa umri huohuo tayari anaunda gari la waya lenye matairi ya kandambili. Kipaji kipo. Kinachotakiwa ni mwalimu wa kumuuliza: "Kwa nini linavuta upande mmoja?"

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, usimtengenezee. Kitu kizuri kilichoundwa na baba hakimfundishi mtoto chochote.

Pili, tenga boksi la makopo, vizibo, vipande vya mbao na kamba. Wembe na misumari vitumike mtu mzima akiwapo.

Tatu, usimwachie mtoto wa kiume peke yake nyundo na msumeno. Binti naye apime, akate na agonge.

Nne, pelekeni wazo kwenye kamati ya shule: fundi baiskeli, mama mfinyanzi au fundi mitumbwi wa kijijini aalikwe darasani aeleze anavyofikiri anapokwama.

Na mwanao akirudi jioni, muulize maswali matatu: Mlikuwa mnatatua tatizo gani? Nani aliamua kitengenezwe hivyo? Kilipogoma mlifanya nini? Akikujibu yote, dumu lako halikupotea bure. Akisema "mwalimu alituambia tu", una jambo la kuuliza kwenye kikao kijacho cha wazazi.