Kopo la Sarafu za Marehemu

Familia inapokaa kugawa mirathi, nyumba huhesabiwa, shamba hupimwa, hata masufuria hutajwa. Lakini lile kopo la sarafu kuukuu lililokuwa chini ya kitanda cha marehemu huchukuliwa na kijana mmoja "kwa ukumbusho", na wengine hawaulizi. Katika kazi za kamati ya msikiti tumeletewa zaidi ya mara moja mzozo uliozaliwa na kopo la namna hiyo, baada ya ndugu kusikia kwamba kilichochukuliwa bure kimeuzwa kwa fedha nyingi. Tumeona basi tuzungumze juu ya ukusanyaji wa sarafu za kale, kwani ndani yake mna haki za watu.

Kwanza ni kuzitambua. Ile ya shaba yenye picha ya mizani upande mmoja, maandishi ya Kiarabu upande wa pili na tarehe 1299 Hijria, ni pesa ya Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar. Riale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke ni ya Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa 1780, lakini tarehe hiyo isimdanganye mtu: iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule kwa zaidi ya karne moja, Vienna na baadaye hata London na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika waliizoea na kuiamini. Kwa hiyo bei yake mara nyingi haiendi mbali na thamani ya fedha iliyomo.

Kinyume chake ni sarafu changa zaidi, rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa vitani na njia ya bahari imefungwa. Ilitengenezwa katika karakana ya reli. Ina tembo mbele ya mlima, uzito wake unakaribia gramu 7.2, na robo tatu yake ni dhahabu halisi. Anayeipeleka kwa sonara hulipwa uzito wa dhahabu tu, ilhali wakusanyaji huilipia zaidi sana. Hapo ndipo yatima hudhulumiwa pasipo mtu kuinua mkono.

Tabora hiyohiyo zilipigwa heller 20 za shaba na za shaba nyeupe ya njano, ndugu za sarafu iliyotuachia neno "hela". Zilifanywa kwa haraka, na nyingine zimekaa upande, maandishi yakakatika ukingoni. Kasoro ya namna hii huongeza thamani, kama vile senti ya Afrika ya Mashariki iliyotoka kiwandani bila tundu lake la katikati. Lakini iwe ni kasoro ya kiwandani kweli. Sarafu iliyogongwa nyundo au kukwaruzwa tupa imeharibika tu, na anayeiuza kwa jina la nadra anaghushi. Wala isisuguliwe kwa majivu na ndimu, maana kung'aa huko huishusha bei.

Sasa hukumu zake. Sarafu za dhahabu na fedha huingia katika zaka hata zikiwa zimewekwa kwa kupendeza macho. Nisabu ya fedha ni dirham 200, yaani gramu 595 hivi. Riale moja ya Maria Theresa ina fedha safi gramu 23.4, kwa hiyo mwenye riale 25 tu, asiye na mali nyingine ya zaka, hajafika, na mwenye 26 amefika, zikipitiwa na mwaka. Za shaba hazina zaka ila akizifanyia biashara.

Katika kubadilishana ndiko wengi huteleza. Riale moja nadra kwa riale mbili za kawaida ni riba, kwa hadithi ya Ubada bin Samit (RA) aliyoipokea Imam Muslim: fedha kwa fedha ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Auze ya kwake kwa noti, apokee papo hapo, kisha anunue aitakayo.

Na kopo la marehemu lifunguliwe mbele ya warithi wote, kila sarafu iandikwe na ipigwe picha pande zote mbili. Zikadiriwe na watu wawili wasio wanunuzi, ndipo mafungu yagawiwe kwa thamani, si kwa idadi. Anayetaka ukumbusho achukue katika fungu lake, au awalipe wenzake.